Kubana Moto: Mgandamizo wa Injini, Gharama ya Mafuta na Uhai wa Pistoni



Nimekuja na vitu vitatu, na nimeviweka hapa mezani ili kila mtu avione. Cha kwanza ni pampu ya baiskeli. Cha pili ni pistoni ya pikipiki iliyokufa. Cha tatu ni bomba la sindano la mililita 20, nililolinunua duka la dawa. Mhadhara wangu wote umo ndani ya vitu hivi.

Swali lililonileta hapa, la kuchonga hedi, yaani kifuniko cha silinda, huulizwa gereji karibu kila wiki: "Mwalimu, nikikata hedi ili kompresheni ipande, nitaokoa mafuta?" Jibu langu ni ndiyo, utaokoa. Lakini hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: utaokoa kwa muda gani kabla injini haijakudai? Anayepima mafuta aliyookoa asipime umri wa injini ni kama mwenye duka anayehesabu mauzo akasahau madeni. Jioni hii nataka tuhesabu vyote viwili.

Pampu

Ziba tundu la pampu hii kwa kidole, usukume mpini kwa nguvu mara kadhaa. Upande wa chini unapata moto. Hewa iliyobanwa hupata joto, na kila mtoto aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua hivyo hata kabla hajafundishwa darasani.

Injini ya petroli hufanya jambo hilo hilo. Pistoni hupanda, hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Uwiano wa mgandamizo, ambao gereji tunauita kompresheni, ni hesabu ya mara ngapi mchanganyiko ule umebanwa. Pistoni ikiwa chini kabisa kuna nafasi ya sentimita za ujazo 135, na ikiwa juu kabisa zimebaki 15, basi uwiano ni 9 kwa 1.

Wengi hudhani faida ya kubana sana inatokana na mlipuko kuwa mkali. Faida kubwa inatoka upande wa pili, pistoni inaposhuka. Gesi iliyowaka ndani ya nafasi ndogo ina safari ndefu ya kupanuka, na katika safari hiyo inaisukuma pistoni na kupoa kadiri inavyokwenda. Joto ambalo lingetupwa nje pamoja na moshi linageuka kuwa mwendo wa gurudumu.

Jambo hili halikujulikana siku zote. Injini ya gesi ya Étienne Lenoir, iliyotokea Paris mwaka 1860, haikubana chochote kabla ya kuwasha, na ilikuwa na ulafi wa kutisha. Mwaka 1862 Mfaransa Alphonse Beau de Rochas aliandika kwamba mchanganyiko unapaswa kubanwa kadiri inavyowezekana kabla ya kuwashwa. Mjerumani Nikolaus Otto akaunda injini ya namna hiyo mwaka 1876, ikiwa na uwiano wa takriban 2.5 kwa 1. Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini ya Rudolf Diesel ikabana hewa kiasi cha kuyawasha mafuta bila cheche. Profesa Moritz Schröter alipoipima, alikuta zaidi ya robo ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta inafika kwenye shafti. Kwa wakati ule hapakuwa na injini iliyoikaribia.

Sasa sikilizeni hesabu, maana ndimo lilimo onyo. Kwa kanuni tunayofundisha darasani, injini bora isiyopoteza kitu ingekuwa na ufanisi wa asilimia 43 kwa uwiano wa 4, asilimia 51 kwa uwiano wa 6, asilimia 57 kwa 8, asilimia 60 kwa 10 na asilimia 63 kwa 12. Injini halisi hupata pungufu sana, lakini sura ya ngazi ni ile ile: vidato vya chini ni vipana, vya juu ni vyembamba. Kutoka 4 hadi 6 ulipata asilimia 8 zaidi. Kutoka 10 hadi 12 umepata 3.

Tena ngazi ina mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wahandisi wawili wa General Motors, Caris na Nelson, walipima injini ya silinda nane kwa uwiano tofauti tofauti, wakapanda hadi kwenye viwango ambavyo hakuna gari la petroli lililowahi kuuzwa navyo. Ufanisi ulipanda hadi karibu 17 kwa 1, ukasimama, kisha ukaanza kushuka. Chumba cha moto kinapokuwa chembamba kama chapati, kuta zake hunyonya joto jingi, moto husambaa kwa shida, na msuguano wa ringi na beringi hula kilichobaki. Basi hata bila hasara yoyote nyingine, kubana kuna kikomo.

Pistoni

Hasara nyingine ipo, na nimeileta hapa mezani. Naomba pistoni hii ipite mkononi mwa kila mmoja. Tazameni ukingo wa juu, upande wa bomba la moshi. Aluminiamu imeliwa na kutobokatoboka kama ubao ulioingiwa na mchwa. Ukuta ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili umevunjika, na kipande kilichokatika kiliichanachana silinda kabla injini haijazima.

Mwenye pikipiki alikatiwa hedi Nairobi. Alifanya kazi kule miezi kadhaa, akaridhika, akawasifu mafundi wake. Kisha akapata kazi huku Mombasa, akaja na pikipiki. Haukupita mwezi, injini ikaanza kulia ngri, ngri, kila alipopanda mlima akiwa na abiria. Aliniambia alidhani ni cheni. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ile ilikuwa mbiu, na hakukuwa na aliyemfundisha kuisikiliza.

Kilichotokea ni hiki. Plagi inapowasha, moto huanza kwenye cheche na kutembea kuelekea kuta za silinda. Mchanganyiko ulioko mbali, ambao haujafikiwa, hubanwa zaidi na moto unaokuja. Ukipata joto kupita kiasi hujilipukia wenyewe kwa mara moja, na mawimbi ya kishindo hugonga kuta. Ndiyo sauti tunayoiita kugonga. Gesi ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Pistoni husalimika kwa sababu tabaka jembamba la gesi iliyotulia huifunika kama shuka. Kishindo cha kugonga huivua shuka hiyo, na chuma hubaki uchi mbele ya moto.

Kwa nini Nairobi injini ilinyamaza? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa kule ni kama asilimia 80 na kidogo ya ule wa huku pwani. Silinda ilivuta hewa haba, ikabana kichache. Huku hewa ni nzito na ina joto. Hedi ilikuwa ile ile, uwiano ule ule, petroli ya aina ile ile, lakini kilichobanwa kilikuwa kingi zaidi. Fundi wa Nairobi hakusema uongo. Alijaribu kazi yake mahali pamoja, kisha jibu lake likasafirishwa hadi mahali pengine.

Aliyetufundisha kupima jambo hili kwa haki ni Mwingereza Harry Ricardo, aliyezaliwa mwaka 1885. Kabla yake, aliyetaka kulinganisha uwiano mbili alilazimika kuzima injini, kuifungua, kubadilisha pistoni au hedi, na kuiwasha tena siku nyingine. Siku hiyo nyingine hali ya hewa imebadilika, oili imebadilika, na kubana kwa ringi kumebadilika. Tofauti aliyoipata hakujua aipe nani.

Mwaka 1919, katika karakana yake ya Shoreham, pwani ya kusini ya Uingereza, Ricardo alitengeneza injini ya silinda moja aliyoiita E35. Silinda nzima pamoja na hedi yake iliweza kupandishwa na kushushwa injini ikiwa inanguruma. Alianza na uwiano wa chini ya 4, akapanda polepole kuelekea 8, sikio likisubiri kugonga kwa kwanza. Kilichobadilika kilikuwa kimoja tu. Hapo ndipo ulipo ufundi wa jaribio, na ndipo ningependa wanafunzi wangu waliopo hapa waweke alama: badilisha kimoja, vingine vyote vikae kimya.

Kwa njia hiyo aliweza kuipa kila aina ya petroli kiwango chake, yaani uwiano wa juu kabisa unaoweza kutumika nayo bila kugonga. Kazi yake iligharimiwa na kampuni ya Asiatic Petroleum, ya kundi la Shell. Aligundua kwamba petroli zenye toluini na jamii zake zinastahimili kubanwa kuliko nyingine, na spiriti hustahimili zaidi. Ikaonekana kwamba petroli ya Borneo, iliyokuwa ikichomwa kule kule msituni kwa kuhesabiwa kuwa nzito mno, ilikuwa miongoni mwa bora kabisa. Watu walikuwa wakiteketeza mali kwa kukosa kipimo. Namba za okteni mnazoziona leo zilizaliwa baadaye kidogo, mwaka 1926, kwa kazi ya Mmarekani Graham Edgar, na hadi leo hupimwa kwa injini ya silinda moja ambayo uwiano wake hubadilishwa ikiwa inazunguka. Ni mjukuu wa ile ya Shoreham.

Bomba la sindano

Sasa tuje kwenye karakana zetu. Hatuna E35, lakini tuna bomba hili la sindano, na linatosha kuanzia.

Geuza hedi juu chini, plagi ikiwa imefungwa na vali zimekaa. Paka grisi nyembamba ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba huku ukihesabu mililita. Ongeza ujazo wa unene wa gasketi, rekebisha kwa umbo la kichwa cha pistoni, nawe umejua chumba chako cha moto. Fundi anayekata hedi bila kufanya hivi anakata gizani.

Chukua pikipiki ambayo pistoni yake husukuma sentimita za ujazo 120 na chumba chake ni 15. Uwiano ni 9. Ukikata hedi hadi chumba kibaki 12, uwiano umefika 11. Umeondoa mililita 3 tu, ambazo hazijazi kijiko cha chai. Kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 52, hiyo ni kama milimita 1.4 za chuma.

Je, kijiko hicho kimekupa nini? Kwa kanuni ile ile ya darasani, utaokoa kama asilimia 5 ya mafuta. Dereva anayechoma lita 3 kwa siku ataokoa kama mililita 150. Mimina mililita 150 kwenye glasi ya maji: haijai. Siidharau. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mwaka ni fedha ya kweli. Lakini iweke kwenye mizani pamoja na pistoni hii, silinda ya kuchongwa upya, gasketi, na siku alizokaa nyumbani bila kazi huku watoto wakihitaji kula.

Kuna mengine ambayo milimita zile zimeyaleta. Vali zimeisogelea pistoni, na cheni ikilegea zinaweza kugongana. Kamshafti imeshuka pamoja na hedi, basi taimingi ya vali imechelewa. Cheche iliyofaa kwa uwiano wa 9 sasa inakuja mapema mno. Gasketi na bolti za hedi zimebebeshwa mzigo ambao aliyezitengeneza hakuukusudia. Gari la kisasa lina sensa inayosikia kugonga na kompyuta inayochelewesha cheche, basi litanyamaza, lakini kuchelewesha cheche kunarudisha ulaji wa mafuta. Unaweza kukata hedi ukaishia kuchoma zaidi. Pikipiki ya kabureta haina hata mlinzi huyo.

Anayetaka kujua ukweli afanye hivi. Kwanza, apime pikipiki mara tano bila kubadilisha chochote: njia moja, kwenda na kurudi ili upepo usidanganye, mzigo mmoja, upepo wa tairi mmoja, petroli ya kituo kimoja, na chupa yenye alama za mililita badala ya tangi. Majibu matano hayatalingana. Yakitofautiana kwa asilimia 6, basi kipimo chako hakiwezi kuona faida ya asilimia 5, hata uape.

Pili, asichanganye kazi. Mara nyingi anayekata hedi hapo hapo husaga vali, huweka ringi mpya, husafisha kabureta na kubadilisha plagi na chujio la hewa. Pikipiki inarudi nyepesi, na sifa zote hupewa kisu kilichokata hedi. Fanya matengenezo hayo kwanza, pima, kisha ndipo ukate. Nimeona wengi wakipata karibu yote waliyoyatafuta kabla kisu hakijagusa chuma.

Tatu, awe na hedi ya pili ambayo haijakatwa, airudishe baada ya jaribio, apime tena. Faida ikiondoka pamoja na hedi iliyokatwa, ni ya kweli. Ikibaki, ilikuwa ya kitu kingine.

Nne, na hili ndilo linaloachwa: aweke daftari la miezi. Kila mwezi aandike kilomita, kiwango cha oili, kipimo cha geji ya kompresheni, na sura ya plagi. Akiona chembe ndogo zinazong'aa juu ya kauri nyeupe ya plagi, ajue ni aluminiamu ya pistoni imeanza kusafiri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Deni la risasi

Kuna jaribio moja kubwa kuliko yote, na lililipiwa na wasiokuwemo karakanani.

Mjini Dayton, Marekani, Charles Kettering na Thomas Midgley walitafuta dawa ya kugonga. Tarehe 9 Desemba 1921 wakagundua kwamba kiasi kidogo sana cha mchanganyiko wa risasi kinaifanya injini inyamaze. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Katika hesabu ya injini, ulikuwa ushindi. Mgandamizo ukaweza kupanda, ulaji wa mafuta ukashuka, pistoni zikapona.

Lakini mwaka 1924 wafanyakazi waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo New Jersey walirukwa na akili, na baadhi wakafa. Ilijulikana tangu kale kwamba risasi ni sumu. Ilijulikana pia, na Midgley mwenyewe alijua, kwamba spiriti huzuia kugonga. Risasi ikaendelea kuuzwa, ikatoka kwenye mabomba ya moshi ya dunia nzima, ikaingia kwenye damu ya watoto na kudhuru bongo zao.

Sisi tulikuwa ndani ya hesabu hiyo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwisho wa 2005 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa kwenye vituo vyetu. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021, na tarehe 30 Agosti mwaka huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, likatangaza kwamba zama hizo zimekwisha. Kwa takriban miaka 100 kipimo cha injini kilisomwa, na kipimo cha damu ya mtoto kikawekwa kando.

Leo injini hubana zaidi kuliko wakati wa risasi, bila risasi. Toyota IST, ambayo Dar es Salaam imejaa, ina injini ya 1NZ-FE yenye uwiano wa 10.5. Ndugu yake wa mseto wa umeme, 1NZ-FXE iliyomo ndani ya Aqua, ina zaidi ya 13. Siri ni ile niliyowaambia kwenye pampu: vali ya kuingiza hufungwa kwa kuchelewa, sehemu ya mchanganyiko hurudishwa nyuma, na kinachobanwa hupungua, ila safari ya kupanuka hubaki ndefu. Wahandisi walikubali kwamba moto una masharti yake, wakayafuata.

Hitimisho

Mafundi wangu, sikuja kuwakataza kukata hedi. Mgandamizo hulipa, na kila injini nzuri tunayoitumia leo ni tunda la watu waliothubutu kubana zaidi. Ninachowaomba ni haki katika kupima. Mteja akiuliza ataokoa kiasi gani, mpe namba uliyoipima wewe, kwa petroli ya hapa na hewa ya hapa, pamoja na kilomita ambazo injini ile imeshakwenda tangu uiguse. Kama huna namba ya pili, mwambie jaribio bado linaendelea, na usimtoze kana kwamba limekwisha.

Wanafunzi, bomba la sindano nawaachia. Kuanzia Jumatatu litakuwa karakanani, pamoja na daftari jipya lenye safu tano: tarehe, uwiano, mafuta, kilomita, hali ya plagi. Safu ya kilomita ndiyo itakayochelewa kujaa. Msiifunge hesabu kabla haijajaa.